Saini Mbili Mgongoni mwa Cheki

Watu wa Ansab, mtaa wetu hapa Maskati, wanasema nna roho mbaya. Wanasema nimemwacha mume wangu akaenda hijja bila ya kumsamehe, na mke mwema hafanyi hivyo. Waache waseme. Lakini wakishamaliza wanisikilize na mimi, maana hadithi waliyoipata ni ya Sleyum, na Sleyum kwa kujipamba hajambo.

Mimi nilitaka kitu kimoja tu kwake: atamke kwa kinywa chake alichonifanya. Asiniambie "benki imekosea." Asiniambie "mambo ya kule yamechanganyika." Aseme, "Nasriya, nilichukua haki yako nikakudanganya." Basi, hayo tu. Niliyangojea mwaka mzima, na nilijiapiza kuwa hapati neno la msamaha kwangu mpaka yamtoke.

Tuanze yalikoanzia. Kampuni ya Sleyum ilimpeleka Amerika, Virginia, tukakaa huko miaka kadhaa pamoja na mtoto wetu Taimur. Mimi nikapata ruhusa ya kufanya kazi, nikaingia bekari. Si ile kazi ya kusimama mbele ukauza keki na kucheka na wateja. Mimi nilikuwa nyuma, kwenye matanuri. Naamka watu wamelala, natoka kwenye theluji, nakanda, nachoma, narudi nyumbani mikono imebabuka. Nikikaa kuipaka mafuta ya nazi, Sleyum alikuwa akiniangalia. Hawezi kusema hakujua pesa zile zilivyopatikana.

Na pesa zetu hatukuzichanganya. Yeye na akaunti yake, mimi na yangu, kama tulivyokuta kwa wazee wetu: mume amhudumie mkewe, na cha mke ni cha mke. Hilo halikuwa na ugeni. Ugeni ulikuwa kodi. Huku Maskati kodi ya mshahara hatuijui, lakini kule wanakukata kila unapolipwa, halafu mwaka ukiisha unawapelekea hesabu, na wakiona wamekukata kupita kiasi wanakurudishia. Mume na mke wanaruhusiwa kupeleka hesabu moja kwa majina mawili, na kinachorudi kinakuwa kimoja, cha wote wawili. Ukitaka, unawaambia wakigawe, sehemu iingie moja kwa moja kwenye akaunti ya mume, sehemu kwenye ya mke. Ni kujaza nambari tu, hata mtoto wa skuli anaweza.

Hesabu ya mwaka wa mwisho tuliipeleka tumesharudi Maskati. Akaunti zetu za kule tuliziacha wazi makusudi, kungojea marejesho hayo. Sleyum alikaa mezani na kompyuta yake, mimi nikamletea kahawa, nikamsomea nambari ya akaunti yangu moja moja. "Nusu kwako, nusu kwangu," nikamwambia. Akajibu, "Kwani umeniona mwizi?" Nikacheka, nikachukua vikombe nikaenda jikoni. Kicheko kile ndicho kinachoniuma mpaka leo.

Nusu yangu ilikuwa na kazi yake. Pale Hamriya, papa hapa Maskati, palikuwa na duka dogo la mzee mmoja, Yaqdhan, aliyekuwa akiuza vitambaa na sasa amechoka. Nyuma pana nafasi ya tanuri, mbele watu wanapita kutwa. Nilitaka kuuza mikate ya ufuta. Maskati hii imejaa watu waliotoka Unguja na watoto wao na wajukuu wao, wote wanaulilia mkate wa ufuta wa moto, na hakuna anayetaka kusimama motoni kuuchoma. Mimi nilishasimama motoni kwa ajili ya watu wasionijua hata jina, ningeshindwa kusimama kwa ajili yangu? Yaqdhan akaniambia, "Bibi, lete arubuni tuandikiane." Nikamwambia pesa zangu ziko njiani.

Zikawa njiani kweli. Kila nikimuuliza Sleyum, jawabu lake moja. "Bado. Wale watu wazito." Nikimuuliza tena, "Subira, Nasriya, subira." Baadaye akabadilisha wimbo. "Nasikia safari hii hawarudishi kitu. Wametazama hesabu, wameona hatuwadai." Nikamwamini. Mume wangu huyo, nimwamini nani? Yaqdhan alinisubiri mpaka akawa anaona haya kunipigia simu, halafu akampa duka mtu wa simu za mkononi. Siku moja nikapita pale, nikaona kioo kizima kimejaa vifuniko vya simu vya rangi rangi. Nikasimamisha gari kando ya njia nikalia, mtu mzima mimi, mchana kweupe, watu wanapita na mifuko yao.

Nilipofika nyumbani macho yamevimba, Sleyum aliniuliza nina nini. Nikamwambia. Akanishika bega akasema, "Riziki anayo Mungu, mke wangu."

Haikupita muda akarudi kutoka kazini na bakuli la halua. Halua ya zafarani, ile ninayoipenda. Mtu huyu tangu tuoane hajaniletea halua isipokuwa Sikukuu. Akakaa karibu yangu, akanipa kalamu.

"Mama Taimur," akasema, "nitilie saini hapa."

Haniiti kwa jina la mwanangu ila akiwa na haja. "Nini hii?"

"Cheki tu. Mambo ya kule. Wanataka saini yako mgongoni, shughuli iishe."

Nikaigeuza upande wa mbele. Jina lake, na jina langu. Mimi Nasriya, na jina la baba yangu, na kabila yangu, vyote vimeandikwa. Cheki ya serikali ya kule, ya marejesho yote, yaleyale ambayo niliambiwa hayarudi.

"Si ulisema hawarudishi?"

"Wamebadilisha shauri."

"Na mbona imekuja cheki? Si tuliwapa akaunti, yako na yangu?"

Hapo akaanza kujikuna ndevu. "Benki imekosea. Ile pesa ilipoingia wakaikataa, wakairudisha ilikotoka. Sijui kwa nini."

"Benki yako imekataa nusu yako?"

Akaisogeza kalamu karibu yangu.

"Na benki yangu nayo ikakataa nusu yangu, siku hiyo hiyo?"

"Nasriya, wewe tia saini, mambo ya benki niachie mimi."

Mimi si msomi wa kodi, lakini si mpumbavu pia. Niliinuka nikampigia Bashayer, rafiki yangu wa kulekule Virginia, kazi yake ni benki. Hakunificha. Akaniambia mabenki mengine ndivyo yalivyo, marejesho yakija kwa majina ya watu wawili na akaunti ikawa ya mtu mmoja, hawayapokei. Yanarudi serikalini, na serikali inatoa cheki kwa majina yote mawili, na ili ilipwe lazima wote wawili watie saini. Benki yangu, akasema, haina tabia hiyo; nambari yangu ingekuwamo, nusu yangu ingeingia. Nikamshukuru.

Kwa hivyo nilipokwenda jikoni na vikombe, Sleyum aliifuta nambari yangu. Akaandika yake peke yake, yote iingie kwake. Akanidanganya miezi. Akaniangalia nikililia duka langu, akanishika bega, akathubutu kumtaja Mungu. Na lau si benki ile kukataa, nisingejua mpaka naingia kaburini.

Nikarudi ukumbini nikamwambia, "Nimeshajua. Sema ulichofanya, na saini utaipata."

"Niseme nini? Benki—"

"Basi kaa na cheki yako."

Halua niliila. Yote, sikumbakishia hata ya kupaka ncha ya kidole.

Sasa cheki zile zina umri. Mwaka ukipita hazilipwi. Sleyum aliponiambia hivyo alidhani ananitisha, kumbe amenipa rungu. Nikatulia. Nilimpikia, nikampigia kanzu zake pasi, nikawachekea wageni wake, na mwezi ukiandama namwambia kwa upole, "Baba Taimur, cheki yako inazeeka." Akawa halali vizuri. Siku nyengine anapiga kelele, siku nyengine ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Mshahara mkubwa ulikuwa wangu," akasema siku moja. "Bila ya mimi tusingekwenda kule."

"Sawa. Na mkono uliobabuka ulikuwa wa nani?"

"Nusu yako nayo itakufa, unajua?"

"Ife."

"Roho yako haikuumi?"

"Ilishauma. Sasa zamu yako."

Mama yake, Bi Mwanamize, anakaa na sisi. Ni mtu wa Unguja mjini, ulimi wake mkali, na mwanawe huyo anampenda kupita mboni ya jicho. Akaniita chumbani kwake. "Mwanangu, mume akikosa husitiriwa."

"Kakosa nini, Mama?"

"Mimi sijui. Kaniambia benki ndiyo iliyokosea."

"Basi hajakosa, kwa hivyo hapana cha kusitiri."

Akanitazama, akatikisa kichwa, akarudi kwenye tasbihi yake. Mimi sikumwambia. Ningemwambia, ingekuwa nimesema mimi, na mimi nilitaka aseme yeye.

Halafu majina ya waliochaguliwa kwenda hijja yakatoka, na ya Sleyum na mama yake yakawamo. Bi Mwanamize alikuwa akiiomba safari ile tangu mumewe yuhai. Nyumba ikajaa furaha, na mimi nilifurahi kwa ajili yake, Mungu ni shahidi. Lakini hamla, wale wenye kuwapeleka mahujaji, hawapeleki mtu kwa dua. Sleyum akakopa kwa huyu, akakopa kwa yule, na cheki iko kabatini inakaribia kufa. Mwisho akaja, kichwa chini.

"Nakupa nusu yako. Tia saini."

"Tuma kwanza. Kwenye akaunti yangu, ya jina langu peke yangu."

Akanitazama kama hanijui. Akatoa simu, akanitumia katika zile zile alizokopa, na yangu ikalia pale pale. Nikasoma, nikahakikisha, nikatia saini. Na yeye akatia yake chini ya yangu, akaipiga picha kuipelekea benki yake ya kule, na safari hii wakaipokea. Akashusha pumzi. "Tumeshamalizana," akasema.

"Pesa za mkononi tumemalizana," nikamwambia. Hakusikia, alikwishaanza kujaribu nguo zake za ihramu mbele ya kioo. Na kweli pesa zilirudi, lakini duka la Hamriya halikurudi, na yale maneno mawili matatu niliyokuwa nayataka hakuyasema. Mtu anakuibia, unamkamata, anakurudishia, halafu anajiona karimu.

Kwetu sisi mtu haendi hijja kimyakimya. Huwaita jamaa na majirani, akawaomba wamhalalishie. Aliyemsengenya, aliyemdhulumu, aliyemlia chake. Kwa sababu haki ya Mungu Mungu huisamehe, lakini haki ya mja yamtaka mja mwenyewe. Basi nyumba yetu ikajaa baada ya Alasiri, wanaume baraza ya nje, wanawake ukumbini, mlango wa kati wazi, kahawa na tende zinazunguka.

Bi Mwanamize alianza yeye. Akapita kwa kila mwanamke, akimshika mikono. Aliponifikia mimi akakaa kabisa. "Mwanangu," akasema, sauti juu, bila ya kujificha, "mimi nimekusema sana. Nimekusema kwa binti yangu Wijdan, kuwa mchuzi wako una chumvi na kuwa umemtia mwanangu mkononi. Nimekusema kwa majirani hawa waliokaa hapa. Mara moja nilifungua kabati lako nikatazama dhahabu yako. Nihalalishie." Wanawake wengine waliinamisha macho. Mimi nilimkumbatia, nikamwambia, "Nimekusamehe, Mama, duniani na akhera," na tukalia wote wawili. Nilikuwa nimemsamehe kweli, moyo mweupe.

Ndipo Sleyum akaja kusimama mlangoni, kanzu inang'aa, udi unamnukia. "Jamaa zangu," akasema, "kama kuna kosa lolote lilopita baina yangu na nyinyi, kwa kujua au kwa kutojua, naomba mnihalalishie." Baraza nzima na ukumbi mzima wakaitika, "Tumekuhalalishia." Mimi nilikunywa kahawa yangu.

Angeondoka, yangeishia pale. Lakini Sleyum ni mjanja. Alijua kwamba mbele za watu mwanamke huona haya. Akanigeukia, anatabasamu. "Na wewe, Nasriya? Umenisamehe?"

"Kosa gani?"

"Kosa lolote."

"Mimi nalijua moja. Litaje, nikusamehe hapa hapa, kila mtu asikie."

Kahawa iliacha kuzunguka. Wijdan, wifi yangu, akanifinya paja mpaka nikataka kumpiga kofi. Sleyum tabasamu lake likabaki pale pale, halina pa kwenda.

"Hayo mambo ya ndani," akasema.

"Mama ametaja yake mbele ya watu, na umri wake ule. Wewe una nini?"

"Nasriya, nakwenda hijja."

"Nenda salama. Lakini mimi sijakuhalalishia, na watu hawa wote mashahidi."

Akatoka. Wanawake wakaanza kuaga mmoja mmoja, wengine bila ya kunipa mkono, na kabla ya Magharibi Ansab yote ilikuwa na habari ya mke aliyemnyima mumewe radhi mlangoni mwa hijja. Bi Mwanamize hakunigombeza. Alikaa kwenye kiti chake akimtazama mwanawe kupitia mlango, kimya, na kimya si kawaida yake.

Wakasafiri. Mimi nikabaki na maneno ya watu. Sokoni nasalimiwa kwa ncha ya ulimi. Mtu mmoja alinitumia kwenye simu mawaidha ya shekhe kuhusu haki za mume. Nikamrudishia mawaidha mengine, kuhusu kula mali ya mtu.

Siku ya Arafa nilikuwa nimefunga, niko jikoni nakanda unga wa mikate ya ufuta ya kufuturia. Simu ikalia, nikaiwasha kwa kiwiko. Sleyum. Nyuma yake nasikia wanaume wanaomba dua, na mwengine analia. Sauti yake imekauka.

"Mama hasemi na mimi," akasema. "Tangu tulipoingia ndege. Kaniuliza kosa gani, nikamwambia benki, akaniambia usinitajie benki tena. Leo kaniita nje ya hema ya wanawake akaniambia hanitilii dua yoyote mpaka nikupigie."

"Haya. Nakusikiliza."

"Nisamehe, Nasriya."

"Kosa gani?"

"Niko kwenye hema, nimekaa baina ya watu, bega kwa bega. Watu wa Maskati wote, Waswahili wenzetu wamo."

"Na ule ukumbi ulijaa. Mimi nilikaa baina ya watu pia."

Nikamsikia anapumua. Halafu akaanza, polepole. "Niliifuta nambari yako. Niliandika yangu peke yangu, pesa zote ziingie kwangu. Nikakwambia hazirudi, na mimi najua zinarudi. Nilikuona unalia kwa ajili ya lile duka, nikanyamaza." Karibu yake ile dua ikakatika, na mtu akasema lahaula. "Endelea," nikamwambia. "Nilichukua haki yako," akasema, "nikakudanganya."

Nilikaa kitako sakafuni, mikono imejaa unga. Nilifurahi. Wanaosema kisasi hakina utamu hawajakionja, mimi nilikionja na saumu yangu kinywani. Mume wangu, kwa lugha wanayoifahamu walio karibu naye, amejivua nguo mbele ya watu waliovaa ihramu nyeupe kama sanda.

"Umenisamehe?" akauliza. "Nasriya, jua linateremka, wakati wa dua unakwisha."

Nami neno lilikuwa tayari. Nilijiapiza atalipata yale maneno yakimtoka, na yalikwishamtoka. Lakini nikakumbuka mikono niliyonyimwa siku ile, na salamu za ncha ya ulimi, na mawaidha ya simu. Watu wa hemani hawanijui. Si wao walioniita mke mbaya.

"Nimekusikia," nikamwambia. "Mwombe Mungu wako, ya kwake atakusamehe mwenyewe. Ya kwangu utakuja kuyasema hapa ukumbini, mbele ya wale waliokuhalalishia bila ya kujua wanahalalisha nini. Kama ulivyoyasema sasa hivi, usipunguze kitu."

"Lakini nimeshasema. Ulisema nikisema—"

Nikakata simu.

Kesho wanarudi. Nimezunguka nyumba kwa nyumba kuwaalika wale wale, wanaume kwa wanawake, waje kumpongeza hujaji wetu, na kila mlango nimeukuta wazi. Wote wameitika.